Sauti ya Baba Inaishia Sitini

Saa mbili asubuhi, dada mmoja, mwandishi wa programu za kompyuta, amepiga magoti chini ya meza ya mapokezi ya hospitali, anachomeka waya wa spika. Mabenchi yamejaa. Kwenye benchi la mbele amekaa baba yake, kofia magotini, mgonjwa kama wengine.

"Wiki iliyopita niliaibika hapa hapa," anasema dada huyo bila kuinua kichwa. "Leo ikikaa kimya, nafunga virago."

Hatanii. Mganga mkuu amemwambia wazi kuwa programu yake ya kuita wagonjwa isiposema leo, hospitali itanunua nyingine iliyo tayari, yenye sauti ya mtu baki.

Sauti anayoipigania ni ya baba. Kwa miaka thelathini mzee huyo alikuwa mpiga debe, akiita abiria stendi mpaka ng'ambo ya barabara wamsikie. Kisha koo likaugua. Madaktari wakasema lipasuliwe, na sauti haitarudi.

Siku moja kabla ya upasuaji, binti alitundika mablanketi kwenye kuta za chumba chake, akamkalisha mzee mbele ya kinasa sauti, ataje vyumba kisha ahesabu namba. Walipofika sitini pumzi zikamwishia.

"Nikamwambia, basi baba, inatosha," anasema. "Haikutosha, lakini ningefanyaje?"

Ndiyo maana katika programu yake namba za foleni zikifika sitini zinarudi moja.

Aibu ya wiki iliyopita ilitokana na kosa dogo. Nyumbani programu ilisema vizuri, hospitalini ikawa bubu, kwa kuwa ilizitafuta rekodi kwenye folda iliyobaki kwenye kompyuta ya nyumbani.

"Nilisafiri na ufunguo, sanduku nikaliacha chini ya kitanda," anajicheka.

Safari hii kila rekodi imeshonewa ndani ya programu yenyewe. Programu inaifungua kutoka tumboni mwake na kuisoma kidogo kidogo, kama maji ya bomba, maana kompyuta ya hospitali ni kongwe na ukiibebesha mzigo wote kwa mpigo inazimia.

Hata hivyo jana ilimgomea. Faili la rekodi likishaingia ndani hupewa jina refu linaloanza na jina la programu, naye alikuwa akiliita kwa jina lake la zamani, fupi.

"Inakurudishia patupu, wala haikwambii umekosea wapi! Nikaiamuru initajie majina ya vyote ilivyonavyo ndani. Kumbe vimo, mimi ndiye nisiyejua kuviita."

Karani wa mapokezi anabonyeza kitufe. Kimya. Dada anashika ukingo wa meza. Spika inakoroma kidogo.

"Namba moja, chumba cha pili!"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anageuka. "Jamani, huyu si yule mzee wa stendi?"

"Ndiye!" anadakia jirani yake. "Alikuwa akiniita, 'Shangazi, nafasi bado ipo,' na gari limejaa pomoni!"

Benchi zima linacheka. Mzee anatazama sakafu, anazungusha kofia.

Namba zinakwenda. "Namba kumi na tisa, chumba cha tatu!" Hakuna anayeinuka.

"Baba," binti anamwinamia, "unaitwa."

Mzee anakitazama kikaratasi chake, anasimama, anavaa kofia. Anacheka bila sauti, na machozi yanamtoka. Binti naye hajizuii tena.

Mganga mkuu ameridhika, ila anataka namba zifike mia. Dada ana jibu.

"Kuanzia sitini na moja nitaita mimi. Si nimetoka kwake?"

Mazoezi yameshaanza nyumbani hata kabla ya ombi hilo, mwalimu akiwa mzee mwenyewe. Binti akivuta maneno, mzee anagonga meza. Akipatia, anainua kidole gumba.

"Nimefika sabini na mbili," anasema akikusanya waya zake. "Sabini na tatu bado hajaikubali."