Mtoto Mwenye Jina la Mama Mkwe

Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Na si jina tu. Mtoto huhesabiwa kuwa ndiye yeye. Kwa hiyo nilipojifungua msichana, mume wangu, dereva wa lori ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alimwinamia kitandani akamwita Mama kwa adabu zote. Wapangaji wote wa ploti walicheka. Mimi nilijilazimisha kucheka, maana sikuhisi chochote.

Tulikuwa na chumba kimoja Kariobangi, kwenye ploti ya mabati yenye mfereji mmoja wa maji. Mama mkwe alikuja kutoka Murang'a na kikapu cha njahi, maharagwe meusi ya kwetu, akaanza kunilisha kama desturi inavyotaka mzazi alishwe. Nilitafuna bila kuonja. Nililia nikifua nepi, nikalia nikizianika, na nikiulizwa kilichoniliza sikuwa na jibu. Majirani walikuwa nalo. Mmoja alisema naringa. Mwingine alisema niombewe, akaniombea kwa sauti hadi mtoto akaamka. Nilimchukia kwa hilo, na sina hakika kama nimeacha.

Lakini jambo lenyewe sikumwambia mtu. Mtoto nilikuwa simpendi. Siku moja nikimwogesha kwenye karai, wazo lilinijia kwamba mikono yangu ingemwachia majini nami nisiweze kuizuia. Sikutaka hilo litokee; niliogopa tu kwamba litatokea. Tangu hapo nikamwachia mama mkwe kazi ya kumwogesha, nikisingizia mgongo. Ningemwambia nani? Mume wangu angesikia kwamba namkataa mama yake. Na mama yake mwenyewe ndiye niliyelala naye chumba kimoja. Wanawake wamerudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hayo.

Kisha kahawa ya mama mkwe ikaiva shambani. Asubuhi moja, mume wangu akiwa safarini, mama mkwe alijifunga kitambaa kichwani aende kuivuna, akanionyesha maziwa yalipo, akaniwekea mtoto mapajani. Nilitazama lile karai lililoegemezwa ukutani.

"Mama, usiende," nikasema. "Huyu mtoto simpendi. Na naogopa mikono yangu."

Nilingoja matusi, au aseme atamwambia mwanawe. Alimchukua mtoto, akaketi kando yangu.

"Si huyu ni mimi?" akasema. "Basi nitajipenda mwenyewe kwanza. Wewe utanipenda ukipata nguvu."

Nililia mpaka blauzi ikalowa. Hakuniambia ninyamaze. Kesho yake alinipeleka kliniki, akamweleza nesi kila kitu mbele yangu bila kuona haya. Nesi akatutuma kwa daktari, nikapewa dawa. Kahawa ilivunwa na wengine, na nasikia waliivuna ovyo. Mume wangu aliporudi aliambiwa mkewe ni mgonjwa na asiulize maswali ya kijinga. Aliyesema hivyo ni mama yake, kwa hiyo hakuuliza.

Sikupona mara moja. Kuna siku niliona nafuu, na nyingine nilirudi nyuma kabisa. Mama mkwe aliniketisha karibu alipokuwa akimwogesha mtoto, baadaye akaniachia nishike taulo, baadaye sabuni.

Siku moja mtoto alikuwa akilia mikononi mwake, naye akimwimbia huku anatembea chumbani. Nikaona anambeba vibaya, mguu mmoja unaning'inia. Nilikasirika ghafla.

"Mama, nipe mtoto wangu. Humshiki vizuri."

Nilimnyang'anya kabla hajajibu, nikamweka begani, akatulia. Hapo nikaona nimemkosea mama mkwe adabu, nikageuka kumwomba radhi. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunika uso kwa leso, analia. Ndipo nilipojua kwamba miezi yote hiyo naye alikuwa akiogopa.