Disiki Niliyoipanga Upya

Hapa Kasongo najiita fundi wa ordinatere, yaani kompyuta. Cheko lenu ni halali yangu.

Mashine ya studio yangu ya picha ilikuwa nzito, inajivuta, nikaweka programu ya kupanga upya mafaili yaliyotawanyika kwenye disiki. Ikanionya nihifadhi nakala kwanza, na umeme usikatike. Nikaipuuza. Katikati ya kazi, nikiwa nje najisifu kwa jirani, esanse ikaisha kwenye jenereta, mashine ikazimika. Nilipowasha tena, mashine ilikwenda mbio. Nikafurahi, nisikague kitu.

Jana akaja Mama Idi kwa pikipiki kutoka Salamabila. Shimo la dhahabu lilikuwa limemfukia mwanawe, na mwili haukupatikana. Picha yake ya pekee ilikuwa kwenye mashine yangu. Mama aliitaka kubwa, ya kuweka matangani.

“Usiogope, mama, iko. Siku hizi mashine inakimbia!”

Nikaifungua mbele yake. Likatokea paji la uso la Idi. Kuanzia kwenye nyusi kwenda chini, yote kijivu.

Mama akagusa kioo kwa kidole.

“Mwanangu, hata humu wamemufukia?”