Fundi Saad na Pikapu Iliyonyamaza

Kitendawili, wewe unayesoma! Nina watoto wawili. Mkubwa namwogesha kila anapokuja, na anaondoka akiimba. Mdogo nilimwogesha mara moja tu, hakusema tena. Ukishindwa nipe mji, na hata ukinipa Tukuyu yenyewe na mvua zake zote, naupokea.

Saa mbili kasoro asubuhi, mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, ukungu bado umelalia mabati. Fundi Saad Mwinyikombo, mwenye miaka 63, ameinamia Landrova ya zamani. Mpini wa bisibisi uko sikioni, ncha yake imegusa injini. Amefumba macho kama mtu anayenong'onezwa siri.

"Valvu ya tatu imelegea," anasema. "Haya, zima."

Alinanuswe, mkulima wa chai mwenye gari hilo, anacheka. "Huyu mzee ni daktari asiyehitaji maabara!"

Saad hacheki. Macho yake yamekwenda nyuma ya uwanja, kwenye pikapu ya kijivu ambayo kuku wameshaanza kutaga chini yake.

Pikapu hiyo ni ya kikundi cha wakulima wa parachichi wa Kisondela, watu 46. Ni ya kisasa. Magurudumu yote manne huvuta, na chini ya boneti kila kitu kinaamriwa na kompyuta. Siku ilipofika kijijini kinamama waliipigia vigelegele, na mchungaji akaiombea. Imesimama kwa Saad wiki kumi na moja.

Babu yake Saad alikuja Rungwe kutoka Pangani kuuza vitambaa, akanogewa na ndizi, hakurudi. Saad mwenyewe ameshika spana miaka 41. Alifundishwa na marehemu Mzee Jotham, na somo la kwanza lilikuwa ndoo ya maji.

"Udongo wetu huu mweusi ukishikamana na injini, huoni oili inavujia wapi," anaeleza. "Kwa hiyo gari likifika, kabla hujaligusa, unaliosha. Boneti juu, maji mengi, mpaka injini ing'ae. Hata mteja asiposema. Ndiyo heshima ya kazi."

Hivyo ndivyo alivyofanya hata siku ile ya Machi.

Dereva wa kikundi, kijana Godwin, alileta pikapu abadilishiwe breki tu. Aliacha funguo, akaenda kunywa chai mtaa wa Ibighi. Saad akafungua boneti, akawasha pampu ya maji, akaiosha injini kama alivyoziosha zote. Breki zikabadilishwa vizuri kabisa. Godwin aliporudi akageuza ufunguo, taa zote za dashibodi zikawaka kama ukumbi wa harusi. Injini haikutoa hata kikohozi.

"Nilichukua bisibisi yangu, nikaweka sikio," anasema Saad. "Nitasikia nini? Zamani gari likiumwa lilikuwa linasema. Linagonga, linapiga chafya, linafuka moshi. Haya ya sasa yanakuwashia taa ya njano, kisha yananyamaza. Kama mke aliyenuna, na hujui umemkosea nini."

Fundi wa kompyuta aliitwa kutoka Mbeya. Alichomeka waya, akasoma kwenye kioo, akatangaza kuwa maji yameingia kwenye kontroli boksi, ambalo ndilo ubongo wa gari.

Mwenyekiti wa kikundi, Tupokigwe Mwakalinga, alimgeukia dereva. "Godwin! Ulivuka mto na gari la watu?"

"Mama, naapa, nilipita darajani!"

"Daraja gani lenye maji mpaka kwenye ubongo?" Kisha akamgeukia Saad. "Fundi, wewe ndiye uliyefungua. Maji haya yaliingilia wapi?"

Saad alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kikavu tayari. "Ngoja kwanza niangalie," akasema.

Hajamaliza kuangalia mpaka leo.

Godwin alivuliwa udereva wiki hiyohiyo. Sasa anabeba matenga ya parachichi kwa bodaboda ya kuazima, matatu kwa safari, na barabara ya Kisondela inayachubua njiani. Wanunuzi hukataa karibu tenga moja kati ya matano. Kila apitapo mbele ya gereji hupiga honi na kuita, "Shikamoo, mzee!" Saad huitikia akiwa ameinama.

Kazi nazo zimepungua. Zamani alipokea magari kumi kwa wiki, sasa manne yakizidi. Mengine hupitiliza hadi Mbeya kupimwa kwa mashine. "Nikisema ni mimi, hata hayo manne nani atayaleta?" anauliza kwa sauti ya chini. "Lakini yule kijana ananisalimia. Afadhali angenitukana."

Kuna mtu mmoja aliyejua bila kuambiwa. Rahma, binti yake mwenye miaka 22, anasomea umeme wa magari chuoni Mbeya. Yuko nyumbani kwa likizo.

"Baba, haya ya sasa hayaogi hivyo," alimwambia juzi. "Unayafuta kwa kitambaa. Ukishindwa kabisa, boksi unalifunga nailoni kwanza."

"Nailoni! Kama mtoto anayekwenda shule na mvua?"

"Hivyohivyo, baba."

Rahma akimaliza chuo mwakani, Saad anataka waweke meza mbili gerejini. Moja ya bisibisi yake, nyingine ya mashine ya Rahma. "Nitakuwa mwanafunzi wake," anasema. "Akinichapa, nitavumilia."

Saa nne, Tupokigwe anaingia uwanjani na mwavuli unaochuruzika. Boksi jipya lilifungwa jana, kwa shilingi milioni tatu na laki sita zilizotoka kwenye mauzo ya msimu mzima. Rahma anageuza ufunguo. Injini inaitika, kuku wanatawanyika.

"Ndaga, asante sana, mwanangu!" Tupokigwe anapiga makofi. "Mchana huu tuna kikao. Tunachagua dereva mwingine, na suala la Godwin tunalifunga."

Barabarani honi inalia. "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba," anaitikia Saad. Safari hii amesimama wima, na macho yake yanaifuata bodaboda hadi inapopotea kwenye ukungu.

Rahma anazima injini.

"Baba Rahma," anasema Tupokigwe, "mbona umeduwaa? Au kuna kitu bado?"

"Mama mwenyekiti, kabla ya kikao. Uliniuliza swali mwezi wa tatu."

"Nilikuuliza maji yaliingilia wapi. Ukasema ningoje."

Saad anaiweka bisibisi juu ya boneti.

"Yalitoka kwenye pampu yangu, ile pale. Godwin hakuvuka mto. Niliiosha mimi."