Nilivyozima alamu ya linki Mbinga nikakaribia kukosa mke Lituhi

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Nimesoma nyuzi zenu za mapenzi na nyuzi zenu za kazini. Leo naleta moja yenye vyote viwili. Sijatia chumvi, nilikuwepo, na aibu yote ni yangu. Nitakachoficha ni jina la kampuni tu, maana waliokuwa mabosi zangu bado nawaheshimu.

Ni miaka ile soko la simu limefunguliwa, kampuni zinapanda milima kusimika minara. Mimi nilikuwa fundi mitambo Mbinga mjini. Kijana, simu kiunoni kwenye kifuko cha ngozi. Mtu akiniita injinia, simsahihishi.

Chumba chetu cha mitambo kilihudumia Mbinga yote na ufukwe wa ziwa, kuanzia Lituhi kushuka hadi Mbamba Bay.

Sasa vumilieni ufundi kidogo. Mkiuruka hamtaielewa aibu yangu.

Simu ina njia mbili. Kuna njia ya sauti, hiyo ndiyo mnayoongelea. Na kuna njia ya ishara, sisi mafundi tunaiita signaling. Hiyo ni kama mjumbe anayetangulia kupiga hodi, "kuna mtu anakutafuta," kabla maongezi hayajaanza. Kwetu mjumbe huyo alilazimika kupanda hadi mtambo mkubwa Mbeya kisha arudi, hata kama mnaopigiana maduka yenu yanatazamana pale Mbinga. Msiniulize kwa nini, ndivyo mtandao ulivyojengwa.

Kwenda Mbeya tulikuwa na linki mbili za ishara, yaani barabara mbili za mjumbe huyo, ndani ya kundi moja, zinagawana mzigo. Kitabu cha mtambo kikasema: weka alamu ya ujazo kwenye asilimia arobaini kwa kila linki. Sababu ni kwamba moja ikifa, nyingine itabeba themanini na bado itapumua.

Nikaweka arobaini, kama mtoto mzuri.

Kesho yake saa mbili asubuhi alamu ikalia. Keshokutwa saa mbili ile ile ikalia tena. Kengele yenyewe iko ukutani juu ya kiti changu, mlio wake unafukuza hata panya. Nikakimbilia kuangalia njia za sauti. Tupu! Hakuna anayeongea. Nikajiambia hii alamu ni ya uongo.

Wakuu, hapo ndipo nilipopotea. Ni kweli watu walikuwa hawaongei. Walikuwa wanabipu.

Kwa vijana wa juzi: kubipu ni kumpigia mwenzako, simu ikiita kwake unakata kabla hajapokea. Vocha haiguswi. Kule kwetu ilikuwa lugha kamili. Mitumbwi ikirudi Lituhi, mama wa samaki anambipu dereva wa lori Mbinga mara moja, maana yake njoo. Mara mbili maana yake usije, ziwa limechafuka. Kwenye kahawa nako wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja, basi mkulima wa Kigonsera anabipu kuuliza kama mnunuzi amefika, naye anajibiwa kwa bipu. Soko zima linakwenda bila neno kutamkwa.

Na kila bipu ni mjumbe anapanda Mbeya na kurudi, wakati njia ya sauti inaota nyasi.

Waliotunga kile kitabu hawakuwajua mama zetu wa Lituhi. Mimi nilikuwa nawajua, nimekula samaki wao, na bado sikufikiri. Nikaitoa alamu kwenye arobaini, nikaipeleka tisini na tano. Sauti ya kengele nikaikata kabisa.

Chumba kikawa kimya. Nikanywa chai yangu kwa raha zangu.

Sasa upande wa pili wa kisa.

Nilikuwa na mchumba, Restituta, mwalimu wa shule ya msingi pale Mbinga, kwao Lituhi. Posa nilikuwa nimeshapeleka, tunasubiri jibu. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Kandidus, mkulima wa kahawa Kigonsera. Mtu mwema sana, ila vocha yake anaitunza kuliko macho yake.

Alhamisi moja, likizo ya Juni, niko kazini naijaribu linki ya pili. Ni kazi ya dakika tano. Unaifunga kwa mkono, unaipima, unaifungua. Nikaifunga. Nikaipima. Simu ikaita.

Ni Restituta, yuko kwao.

"Baba anakaa na ndugu zake kesho asubuhi. Mwambie baba mdogo aje leo leo."

Nilitoka nje ili nimsikie vizuri. Niliporudi nilikuwa natabasamu peke yangu. Nikachukua koti, nikafunga mlango, nikaenda kununua shati.

Mmeona nilichosahau?

Na linki uliyoifunga kwa mkono wako haipigi kelele. Mtambo unajua fundi yupo, ana akili zake.

Baba mdogo nilimpigia, akaondoka mchana ule ule na lori la samaki. Kabla hajapanda tukakubaliana, au niseme alikubaliana peke yake.

"Wakikataa nakubipu mara moja. Wakikubali, mara mbili."

"Baba mdogo, nitakupigia mimi. Simu ya kazi hii, sigharamii chochote."

"Unipigie nimekaa mbele ya wakwe? Waone kijana hana subira? Bipu, mwanangu. Mtu mzima anabipu."

Ijumaa nikafika ofisini mapema na shati jipya. Sijui nililivaa la nini, maana Lituhi walikuwa hawanioni. Skrini ya mtambo hata sikuitazama. Nilitazama simu.

Saa tatu, kimya.

Saa tatu na nusu, kimya.

Saa nne kasoro ikaita. Baba mdogo! Mlio mmoja, ikakatika. Nikasimama wima nasubiri wa pili.

Dakika tano. Kumi. Ishirini.

Wakuu, nikakaa chini sakafuni, katikati ya mitambo. Nikajaribu kupiga, potelea mbali heshima. Naambiwa haipatikani. Nikampigia Restituta, haipatikani. Nikasema wamezima simu wasinisikie nikilia. Nililia kidogo, sitawaficha.

Halafu machozi yakageuka hasira. Nikaandika SMS kwa Restituta, na hapa naomba mnisamehe kabla hamjasoma:

"Mwambie baba yako ahsante. Mbinga wasichana hawajaisha."

Nikatuma. Simu ikajibu ujumbe haukutumwa. Nikarudia, haukutumwa. Nilirudia mara saba, na mara zote saba ikagoma. Nikautukana mtandao kama mteja mwingine yeyote.

Kisha nikakumbuka kwamba mtandao wenyewe ni mimi.

Nikainuka, nikaitazama skrini kwa mara ya kwanza siku hiyo. Linki ya kwanza: asilimia mia. Linki ya pili: imefungwa na fundi. Pembeni limeandikwa jina la fundi, na sikuhitaji kulisoma.

Mbinga nzima na ufukwe wote, Ijumaa, siku samaki wanapotakiwa kuliko zote, wamepangwa foleni kwenye kilinki kimoja. Wajumbe wanaangushwa njiani. Bipu zinamezwa, na SMS zinapita njia hiyo hiyo, nazo zinamezwa. Mtambo ulikuwa unajaribu kuniambia tangu asubuhi, ila nilishaukata sauti.

Nikaifungua linki ya pili. Mzigo ukagawanyika, namba zikaanza kushuka, na haikupita dakika simu yangu ikaita ikakatika. Ikaita ikakatika. Ikaita tena. Na tena.

Bipu nne! Nne haikuwemo kwenye makubaliano.

Nikapiga. Ikapokelewa.

"We mtoto! Nakubipu tangu saa tatu na nusu mpaka kidole kimekufa ganzi! Wamekubali! Kwani wewe mbili yako ni ngapi?"

Na ile SMS bado iko mkononi, nimeiandika vizuri na nukta nimeweka. Kama linki ingekuwa nzima, ingekuwa imefika Lituhi wazee bado wako kwenye viti. Niliifuta haraka, halafu nikafungua tena simu kuhakikisha kweli imefutika.

Kabla sijavuta pumzi nikasikia sauti ya mwanamke. Mama mkwe kachukua simu.

Mama mkwe wangu ni mmoja wa wale mama wa samaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, hongera. Sasa niambie. Restituta anasema mtandao wa Mbinga unaushika wewe."

"Ndiyo mama."

"Tangu asubuhi namwita dereva kwa bipu, haji. Nina mbasa wabichi, matenga matatu, jua hili hapa. Sasa hivi nawapasua nianike na mashemeji zangu, na mgeni wako naye tumempa kisu. Kimetokea nini leo?"

Wakuu, ningeweza kuwasingizia Mbeya. Mbeya ni mbali, asingewauliza. Lakini jibu lenyewe ndiyo kwanza nimelipata, nikaona nikianza na uongo nitaishi nao. Nikamweleza vyote: linki niliyoisahau, alamu niliyoipandisha, kengele niliyoikata. SMS sikuitaja.

Nyuma yake nasikia watu wanacheka, nadhani ni baba mdogo na kile kisu.

"Yaani kengele ilikuwa inalia, ukaizima kwa kuwa inakupigia kelele?"

"Ndiyo mama."

"Restituta naye ana kelele, nakwambia mapema. Akikupigia kelele utamzima?"

"Hapana mama. Nitasikiliza."

"Basi anza na hiyo ya ukutani. Nikisikia umeizima tena, posa yako narudisha."

Nilirudisha alamu arobaini kabla sijala chakula cha mchana. Kengele nikaiwasha. Jumatatu nikawaandikia mabosi barua ndefu kueleza kubipu ni nini na kwa nini kundi letu linahitaji linki ya tatu. Nasikia waliisoma kwa sauti kwenye kikao wakacheka sana, ila linki ililetwa.

Harusini mama mkwe alikisimulia kisa chote kwenye kipaza sauti, na kila aliyekuja na zawadi akaniuliza kama kengele inalia.

Funzo nililolipata: kitu kikikupigia kelele kila siku saa ile ile, usikimbilie kukinyamazisha. Kaa nacho, kiulize kinataka nini. Na ukiwa na hasira usishike simu, si kila siku utapata bahati ya linki kujaa.

Miaka imepita, binti yetu Editha sasa ni mkubwa. Restituta hajui habari ya ile SMS mpaka leo, na humu hayumo.

Karibuni mseme, nani mwingine bipu iliwahi kumponza au kumwokoa?

Mkia wa Mbuzi: Mkuu, barua ya kueleza kubipu kwa mabosi! Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Fundi Redio: Kilichoniua ni mshenga kupewa kisu apasue samaki. Huyo mzee apewe heshima yake.

MamaEditha *(mwanachama mpya, amejiunga leo):* Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Baba Editha, kumbe Mbinga wasichana walikuwa hawajaisha? Basi chakula cha leo kawaombe hao. Jiko nimefunga na ufunguo ninao.

Mwenye uzi: Wakuu, kengele inalia. Naenda kusikiliza.