Zoezi la Wiki ya Sita

Britta Koivisto hakuchagua elimu ya uzee kwa kuwapenda wazee. Somo lake kuu chuoni lilikuwa biashara. Alihitaji somo dogo la kujazia, na hili halikugongana na zamu zake za dukani. Wenzake walimtania kwamba anasomea kuzeeka.

Wiki ya sita mwalimu aliwapa zoezi. Kila mwanafunzi amtafute ndugu yake yeyote mwenye afya aliyepita miaka hamsini na mitano, ampime kumbukumbu, ili azoee tu kazi. Britta hakuwaza mara mbili. Mama yake, Marlys, alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, dereva wa basi la shule kwa miaka ishirini na sita katika mji wao wa machimbo kaskazini mwa Minnesota. Hakuwahi kugonga hata sanduku la barua la kando ya barabara.

Jumamosi Britta alikwenda kwao, wakakaa jikoni, sahani ya mikate ya iliki katikati yao.

"Haya daktari, nipime," Marlys alicheka. "Nikifeli unaninyima chakula?"

"Mama, acha mzaha, nahesabu dakika."

Alimpa maneno matatu ayashike kichwani, kisha akamwambia achore saa. Marlys alizibananisha namba zote upande mmoja wa duara. Akaitazama, akaikunjia uso.

"Kalamu yako mbovu."

Britta akampa nyingine. Ikawa vilevile.

"Sasa nitajie yale maneno."

"Maneno gani? Hukunipa maneno wewe."

Britta alijumlisha alama, akarudia. Zilikuwa chini mno.

"Nimepita?"

"Umepita, mama."

Alitoka nje kupunga hewa, akajikuta ndani ya basi lililoegeshwa uani. Pembeni ya usukani palibandikwa vikaratasi, kwa mwandiko wa mama yake: kushoto penye kanisa, kulia penye tangi la maji, kwa Lindgren, watoto wawili. Njia ileile ya miaka ishirini na sita.

Marlys alimkuta humo.

"Unapekua basi langu?"

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kiangazi." Alikaa kwenye ngazi. "Nikivisoma sikosei. Usimwambie mtu, mwanangu. Niache niendeshe mpaka shule zifungwe."

Barabara zilikuwa zimeanza kuganda barafu. Watoto walikuwa thelathini na wanne. Jumatatu alfajiri Britta alimpigia simu Dale Rautio, msimamizi wa mabasi, na Dale akamteremsha Marlys huku injini inaunguruma. Daktari alithibitisha: ni ugonjwa wa kusahau.

"Nimekulea kwa usukani ule," Marlys alimwambia binti yake. Kisha akanyamaza wiki tatu.

Asubuhi moja, Britta akiwa amekuja kukaa naye, Marlys aliamka mchangamfu. "Britta, nani kachukua basi langu?"

Britta akadhani amesamehewa. Alipomweleza, Marlys alilia kama aliyepata habari siku hiyo. Kesho yake aliuliza tena, akalia tena. Siku ya nne Britta akasema basi liko gereji.

Britta aliacha masomo ya biashara, akarudi kwa mama yake kabisa. Aling'ang'ania lile somo dogo tu, kwa kompyuta, pengine ili asiseme amepoteza vyote. Kilichobaki ili alimalize kilikuwa saa mia na ishirini za kumhudumia mzee. Alimpigia simu mwalimu.

"Niko na mama mchana kutwa. Namwogesha, namlisha. Saa hizi haziwezi kuhesabiwa?"

Mwalimu alisikika akifunua karatasi. "Ndugu hahesabiwi, Britta. Halafu kwa kanuni zetu mzee ni kuanzia sitini na mitano. Mama yako hajafika. Pole sana, kwa kweli."

"Haya. Asante, mwalimu."

Mwezi Machi, saa zikiwa hazijatimia, jina la Britta lilifutwa chuoni. Siku barua ilipofika, Marlys alikuwa dirishani na koti lake la kazi, viatu vya theluji miguuni, anaangalia barabara.

"Hao wa gereji wanachelewa," alisema. "Watoto watapigwa na baridi."

Britta alipiga magoti, akaanza kumfungua kamba za viatu. Marlys akamsukuma kwa mguu.

"Wewe nani? Niache, nina kazi mie."