Basi Lililosemekana Limelala

Ukuta wa jiko la Spéciose uliondoka kabla ya yeye mwenyewe kuondoka. Ulianguka mchana, mvua ikiwa imekwisha kukatika mjini, maji ya milimani yakiwa bado yanateremka katika mto Ntahangwa; na waliokuwapo mtaani Mutanga Sud siku hiyo wanakubaliana kwamba hapakusikika mshindo. Ukingo ulishuka, ukuta ukaufuata, pamoja na jiko la mkaa, sufuria na maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Spéciose alisimama kwenye mlango wa sebule akiutazama mto mahali ambapo asubuhi alikuwa amepuliza moto. Kisha akautukana. Binti yake, Orlane, anasema kabla ya siku hiyo hakuwahi kumsikia mtu akiutukana mto kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa katika pumzi moja.

Nyumba hiyo aliijenga marehemu mume wake, Audace, fundi mwashi, mbali na ukingo. Hilo Spéciose hulisisitiza kila anaposimulia, nami nililithibitisha kwa majirani: si nyumba iliyousogelea mto, ni mto ulioisogelea nyumba, msimu hadi msimu, huku watu wa ofisi wakija, wakitazama, wakitikisa vichwa na kuondoka. Mmoja wao, alipoulizwa familia zilizo ukingoni zitakwenda wapi, alijibu kwa upole mkubwa, "Mama, munafikiriwa."

"Munafikiriwa!" Spéciose hulirudia neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya limau. Alipika katika kantini ya wanafunzi karibu na chuo kikuu hadi alipostaafu, na anajua mtu mwenye njaa hashibi kwa kufikiriwa.

Wazo la basi lilimjia kwa njia ya hasira. Nyumba imara, ya msingi mzuri, ilikuwa imeshindwa kwa kosa moja tu: haikuweza kusogea. Kwa muda mrefu mji ulikuwa hauna mafuta ya kutosha. Mabasi makubwa ya safari za Gitega na Ngozi yalikuwa yamesimama katika viwanja, matairi yakipasuka kwa jua, na wenye nayo walikuwa wameanza kuyauza. Spéciose alihesabu anachoweza kuokoa kabla mto haujarudi: mabati, milango, madirisha, na akiba yake ya uzeeni. Vilitosha kununua basi moja, si la pili. Mwanamke mwenzake wa kwaya alikuwa na kiwanja mtaa wa Gihosha, juu mlimani, akamkubalia aliegeshe humo. Na ardhi ya huko nayo ikianza kupasuka, Spéciose angewasha injini aende kwingine. Kwa hiyo sharti lake lilikuwa moja, na alilitangaza kwa kila mtu: basi liwe linatembea.

Jamaa walicheka. Révérien, mdogo wa marehemu Audace, hakucheka. Alilichukua jambo lenyewe mikononi mwake, na hilo likawa baya zaidi. Alisema mwanamke akienda peke yake kununua gari atauziwa chuma. Spéciose alikubali aje, kwa kuwa alijua madalali wa Bujumbura humsemesha mwanamume hata kama aliyeshika pesa ni mwanamke.

Basi la kwanza lilikuwa nyuma ya ghala moja katika mtaa wa Asiatique. Dalali aliitwa Arnaud, kijana wa viatu vilivyong'aa, naye alianza kwa kufungua mapazia. Yalikuwa ya rangi ya zambarau, yenye vishada vya dhahabu. Viti vilikuwa vizuri, vioo vyote vizima, rangi nyeupe haikuwa na mkwaruzo.

"Patron, tazama salon," Arnaud alimwambia Révérien. "Huku munaweka kitanda. Huku frigo. Mutu akiingia anasema ni hoteli."

"Ni nzuri sana," alisema Révérien.

"Mi ndiye nanunua," alisema Spéciose.

"Ndiyo, mama, tunajua," Arnaud alisema, akiendelea kumtazama Révérien.

"Basi nigeukie. Moteri iko wapi?"

"Nyuma, mama. Moteri ya nguvu. Hii bisi ilikuwa inapanda Bugarama kama mbuzi."

"Ilikuwa. Na sasa?"

Arnaud akatabasamu. "Sasa imelala tu, mama. Juu ya kukosa mazutu. Bisi zote za mji zimelala."

Spéciose alimwita Orlane, aliyekuwa amebaki langoni na dumu la mazutu, dizeli ya kulijaribia basi. Binti huyo alikuwa amelipangia foleni na kuliombea kwa watu wengi hadi likapatikana. "Mazutu hii hapa," alisema Spéciose. "Iamushe."

Hapo sababu zilianza kumwagika. Betri ilikuwa imeazimwa. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani. Mazutu mpya ikiingia katika tangi lililokaa hivi hivi ingeharibu mabomba. Ilifaa aitwe fundi kwanza, siku nyingine. Spéciose akauliza tena, polepole, "Imelala, ao imekufa?"

"Aa, mama, tusiseme hivyo. Imelala."

Ni lazima nieleze hapa neno hilo lilimgusa wapi, kwa sababu Arnaud hakujua, na Révérien, aliyejua, alinyamaza.

Audace alipokuwa hospitali, maumivu hayakumpa usingizi. Spéciose alikaa naye usiku baada ya usiku. Mwishowe Révérien akampokea zamu ili akaoge na kupika. Spéciose alikuwa jikoni simu ilipolia. Révérien alisema maneno mawili tu: "Kaka amelala." Kwa waumini wa mji huu, na kwa desturi ya watu wasiopenda kumtupia mfiwa neno zito, maana ilikuwa wazi. Lakini mke aliyekuwa akiomba usingizi wa mume wake kuliko chakula, alisikia kile alichokiomba. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Akapika uji wa mtama, akautia maziwa, akaujaza katika thermos ili mgonjwa akiamka aukute wa moto, akaenda hospitali akiwasalimu watu njiani. Muuguzi alimwona akiingia na thermos, akatazama pembeni.

Tangu siku hiyo Spéciose hakumsamehe mtu yeyote kwa neno laini.

Sasa, nyuma ya lile ghala, alimgeukia shemeji yake. "We, Révérien. Hii bisi imelala?"

"Shemeji, sikiliza," alisema Révérien, naye alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha kulipanga jambo. "Nyumba haina kazi ya moteri. Nani anapika na moteri? Tutaivuta na kamyo mpaka Gihosha, tuiweke juu ya matofali, utalala vizuri. Ile ya kutembea ni mawazo ya hasira tu. Na mazutu utakuwa unaitoa wapi?"

"Nitakakoitoa, nitaitoa. Nyumba ya kukaa juu ya matofali nilikuwa nayo. Iko ndani ya mto."

"Shemeji, usinipigishe haya mbele ya watu. Hii mambo tulishaimaliza."

Spéciose akauliza nani aliimaliza. Ni Arnaud aliyejibu, akidhani analeta habari njema: jana yake yeye na patron walikuwa wamekaa chini, pamoja na mwenye basi na mashahidi, wakanywa bia ya mapatano. Kwa watu wa hapa bia hiyo si burudani. Aliyeinywa mbele ya mashahidi amekwisha kusema ndiyo, na kuikana ni kuwaaibisha wote walioshika chupa.



"Mumekunywa nyumba yangu?" Spéciose aliuliza. "Mi niko nafunga maturubai kwa mvua, na wewe uko unakunywa nyumba yangu? Ilikuwa baridi? Ilikuwa tamu?"

"Nilifanya kwa ajili yako! Mi ndiye mukubwa wa familia sasa."

"We ni mukubwa wa chupa. Uliinywa, itapike. Mwambie mwenye bisi: mujane hakukuwa kwa meza."

Wapakuzi wa ghala walikuwa wameacha magunia wakisikiliza. Mmoja akapiga mluzi. "Patron, leo utalala inje!" Kicheko kikaenea hadi barabarani. Révérien akasema Spéciose amemvunjia heshima mbele ya watu. Spéciose akasema heshima inayovunjika kwa swali moja ilikuwa na ufa tangu zamani, akamwashiria Orlane kwa macho abebe dumu lake, wakatoka.

Walikwenda Buyenzi, mtaa wa mafundi, ambako barabara nzima hunuka oili na chapati. Révérien aliwafuata nyuma kwa hatua kadhaa. Aliniambia alifanya hivyo ili kumlinda shemeji yake. Spéciose anasema alimfuata ili amwone akishindwa. Karakana ya Moubarak ilikuwa na basi moja tu la kuuza, nalo lilikuwa baya. Ubavu mmoja ulikuwa wa buluu na mwingine wa kijani, kutoka magari mawili tofauti. Kioo cha nyuma kilikuwa kipande cha bati. Ndani hamkuwa na mapazia wala viti, ila sakafu iliyotobolewa na misumari.

Moubarak alitoka chini ya gari jingine, akajipangusa mikono. Alimtazama Spéciose, si Révérien.

"Karibu, dada. Ya kubeba watu?"

"Ya kukaa. Na ya kuondoka."

"Ya kukaa na kuondoka." Aliwaza kidogo. "Sawa. Wacha nikwambie. Breki ya mukono imekufa. Radio imekufa, na Mungu airehemu, ilikuwa inatusumbua. Taa moja imekufa. Marche arrière imekufa kabisa, hairudi nyuma hata ukiisomea dua. Paa inavuja huku na huku. Moteri ni nzima."

Spéciose alimsogelea hadi karibu. Halafu akasema, "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ile orodha yote."

Moubarak akairudia, akidhani mama huyu hasikii vizuri. Kila alipofika kwenye neno *imekufa*, Spéciose alitikisa kichwa kukubali, na Orlane anasema uso wake ulikuwa umekakamaa kama wa mtu anayesikiliza hukumu ya haki baada ya kesi nyingi za uongo.

"Shemeji!" Révérien alishindwa kuvumilia. "Mutu mwenyewe anakwambia gari hairudi nyuma!"

"Nani alikwambia mi nataka kurudi nyuma?"

Mafundi wakaangua kicheko. Spéciose hakucheka. Alimkabidhi Moubarak dumu. Mazutu ikamiminwa, ufunguo ukazungushwa. Moteri ikakohoa, ikazimika. Révérien akafungua mdomo. "Nyamaza," alisema Spéciose bila kumgeukia. Mara ya pili ikakohoa tena, ikatema moshi mweusi uliomfunika muuza chapati wa jirani, naye akatoa matusi yaliyostahili, kisha ikashika. Sakafu ilitetemeka. Spéciose alipanda, akasimama katikati ya basi tupu, akaiacha miguu yake itetemeshwe nayo.

Waliandikiana siku hiyo hiyo mbele ya mashahidi wa karakana. Kwa kuwa Moubarak hanywi bia, walikunywa chai ya tangawizi, na Spéciose alihakikisha kikombe cha kwanza anakishika mwenyewe. Révérien hakupewa.

Mwisho wa juma Moubarak alilileta basi Mutanga Sud akiliendesha kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Hakuthubutu kuliingiza katika kichochoro, maana lisingetoka. Alilisimamisha barabarani, uso ukiangalia Gihosha. Majirani walisaidia kubeba kitanda, kabati, picha ya Audace, magodoro. Mvua ilikuwa inanguruma milimani. Chumba cha kulala kilikuwa kimepata ufa unaopitisha mkono.

Révérien alikuja mikono mitupu. Alisimama mlangoni mwa basi, akasema aliyoyafanya yote aliyafanya kwa upendo, na kwamba wenye lile basi jeupe bado wanamdai heshima yao.

"Wape yako," alisema Spéciose. "Lakini mbele ya kwenda, sema kitu kimoja. Kaka yako alifanya nini ile siku ulinipigia simu?"

Majirani walisimama na mizigo kichwani.

"Shemeji, hii si saa yake."

"Sema."

"Kaka... alituacha."

"Apana."

"Alipumuzika."

"Révérien! Nilimupelekea uji! Nilipita njia yote nasalimia watu nacheka! Sema!"

Révérien alitikisa kichwa, macho yamejaa machozi, akanong'ona kwamba mtu hawezi kumtupia mwenzake neno kama hilo. Alisema kwa dhati; hata sasa analishikilia, na sina sababu ya kudhani anadanganya.

Spéciose alivuta mlango. Haukufunga vizuri, akaupiga kwa bega hadi ukashika. Basi likaanza kupanda taratibu. Orlane, aliyekaa nyuma akizuia kabati lisianguke, anasema mama yake alisimama karibu na dereva njia nzima, akipiga kelele kulishinda ngurumo ya moteri, kwamba Audace alikufa, alikufa siku ya Jumanne, alikufa na njaa ya usingizi, na Moubarak, mikono juu ya usukani, alikuwa akimjibu kila mara, "Ndiyo, dada. Alikufa. Shika chuma, kuna kona."