Mama Mkubwa Aliniuliza Kuhusu Maji, Nikamdanganya

Admini, ficha jina langu, maana Kindu ni mji mdogo na watu wake wana macho. Na ninyi wenyeji mtakaonitambua, naomba mnitukane moyoni tu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na saba. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni hapa mtaa wa Kasuku. Tuna jakuzi, lile beseni kubwa la maji moto yenye mapovu, mtu anakaa ndani mpaka shingoni. Kulitunza ni kazi yangu. Fundi aliyelifunga alinifundisha vizuri: tia klorini, pima maji kwa vikaratasi kabla mtu hajaingia, osha chujio, na usiache maji yazeeke, yamwage yote usugue. Mwanzoni nilifuata kila neno, na maringo juu.

Shida ilikuwa harufu. Sisi wa hapa klorini tunaijua tangu vita. Barabara zilikuwa zimefungwa, watu wanakunywa maji ya Lualaba, kipindupindu kinatoka nyumba hii kinaingia ile, na mtoni walisimama watu wakitia dawa kwenye kila bidoni, yaani dumu la maji. Kwa hiyo mgeni akisikia harufu ile kwenye jakuzi anarudi nyuma: "Muko na kolera hapa?" Wengine walivaa nguo zao wakaenda. Patroni, bosi wangu, akanuna. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikapunguza dawa kidogo kidogo, mwisho nikaacha kabisa. Nikatia majani ya mchaichai, wageni wakasifu. Maji yalikuwa meupe, unaona hadi chini, nikajiambia uchafu gani unang'aa hivi? Hata kuyamwaga nikawa naahirisha, kwa sababu kupasha mengine kunakula kuni nyingi. Vikaratasi vya kupimia vikabaki kwenye boksi lake.

Sasa niwaambie kinachoninyima usingizi. Mama yangu mzazi alikufa kwa kipindupindu wakati ule wa vita, nikalelewa na dada yake, mama mkubwa. Majirani walikuwa wanamwaga maji ya dawa wakisema ni sumu. Yeye alinusa kila kikombe kabla ya kunipa. "Maji yenye hainuke dawa, kwangu haiingie," alikuwa anasema, na watu wanamcheka. Mimi nilipona kwa pua ya mama huyo.

Amezeeka, magoti yanamuuma. Siku moja patroni akiwa safarini nikamleta kazini, aloweke miguu yake, afurahi kama wageni wenye pesa. Nilifanya kwa upendo, Mungu anajua. Nikamwomba tu asimwambie mtu, nisije nikafukuzwa. Alisimama pembeni mwa jakuzi akanusa.

"Mutoto wangu, hii maji mbona hainuke dawa?"

"Dawa iko ndani, mama mukubwa. Ya siku hizi haina harufu."

"Njo wewe mwenyewe unatiaka?"

"Njo mie, mie mwenyewe natiaka."

"Basi shika mukono yangu, niingie."

Nikaushika. Alikaa humo muda mrefu, maji yakimfika shingoni, akafumba macho, akaniombea baraka mimi na watoto wangu.

Siku chache tu baadaye, vipele vikamjaa mgongoni na makalioni. Ikafuata homa, kikohozi, kupumua kwa taabu hata hawezi kusema. Hospitalini munganga akasema ni mapafu, akatuuliza kama mgonjwa alikaa kwenye mvuke au kwenye maji moto yaliyolala. Ndugu wote wakasema hapana. Mimi niliyejua nikaondoka. Nilikimbia kazini kumwaga yale maji, na nilipofungua bomba ukatoka utelezi mweusi unaonuka. Nikasugua huku nalia. Tangu siku hiyo dawa natia, napima, na mgeni asiyetaka harufu aende zake. Lakini majuto ni mjukuu, na wangu ameshafika.

Mama mkubwa amerudi nyumbani kwa mwanawe, mtaa wa Mikelenge. Akitembea hadi mlangoni tu, pumzi imekwisha. Wakaita mtu wa maombi. Akafumba macho, akasema: "Ugonjwa iliingia kwa maji, kwa mukono ya mwanamuke wa karibu." Jamani, mwanamke huyo ni mimi. Lakini hakuna aliyenitazama mimi. Wote walimgeukia mkwe wa mama mkubwa, nimpe jina la Feza, anayemchotea maji, anayemuogesha, anayemwoshea nguo zake chafu bila kukunja uso. Mumewe akasema pale pale: "Arudie kwabo Pangi. Batoto batabakia hapa."

Feza akanigeukia, maana tunapendana na huniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, sema kitu. Wewe unanijua."

Mnajua nilijibu nini? "Tumuombe Mungu." Basi. Ndicho kilichotoka kwenye kinywa changu, mimi mtu mzima.

Jumapili hii wanampeleka Feza kwao. Mtoto wake wa mwisho bado ananyonya. Nikisema ukweli, kazi imekwenda, na wanangu wanakula kwa kazi hiyo. Lakini kazi nyingine naweza kutafuta. Ninachoogopa ni uso wa mama mkubwa siku atakapojua. Mpaka leo hajamwambia mtu kwamba alikuja kwenye jakuzi. Ananilinda, eti nisifukuzwe.

Na sasa amekataa kunywa maji kwa mkono wa Feza. Amesema, "Maji yangu alete huyu. Huyu hawezi kunidanganya." Kwa hiyo kila asubuhi napita kwake kabla ya kazi, namjazia kikombe. Mama huyu aliyenusa kila kikombe wakati wote wa vita, changu hanusi. Anakipokea kwa mikono miwili, anakunywa hadi chini.

Ndugu zangu, Jumapili si mbali. Nishaurini, nianzie wapi kumwambia?